ALIKOSA NINI?
Somo juu ya mateso na malipo

Mafungu ya kusoma kwanza: Yobu 2:11-13 na 42:7, Zaburi 73, Ezekieli 18, Luka 13:1-5, Yohana 9:1-3.



Kuna ulizo moja ambalo halikosekani penye kilio. Maiti haijazikwa, mama mwenye mtoto angali amekaa juu ya mkeka, na tayari nyuma ya nyumba, kwa wale wanaochanja kuni, mtu anauliza kwa sauti ya chini: "Lakini huyu alikosa nini?" Kama si yeye, basi ni baba yake. Kama si baba, basi ni mababu. Watu hawatulii mpaka wapate kosa la kuweka karibu na kifo, kama mchuuzi asivyofunga daftari lake mpaka hesabu zilingane. Ulizo hilo limeumiza watu wengi katika makanisa yetu kuliko tunavyopenda kukubali, ndiyo maana tunalitolea somo zima.

Siku hizi vijana wamepata neno jipya kwa jambo hilo la zamani. Dereva wa pikipiki aliyewapita wengine kwa kiburi akianguka mbele ya soko, wanacheka na kusema: "Karma!" Tajiri aliyewadhulumu wajane akipoteza parsela yake, wanasema: "Karma!" Neno hilo limetoka mbali, tena ni zito kuliko wanavyolitumia. Tulieleze kwanza, kwani si vizuri kusema juu ya imani ya watu wengine bila kuijua.

Karma ni neno la Kisanskriti, lugha ya zamani ya India, na maana yake ni tendo tu. Wahindu, Wabuddha na Wajaini wote wanalo, ingawa hawalielezi namna moja. Shina lake ni hili: kila tendo linazaa tunda, na tunda lisipoiva katika maisha haya litaiva katika maisha mengine, kwa sababu wanaamini kwamba mtu huzaliwa tena na tena. Kwa Wabuddha na Wajaini hakuna hata hakimu anayekaa kitini kukata kesi. Ni kama mbegu na udongo, mahindi yanazaa mahindi. Basi mtoto akizaliwa kipofu, jibu liko tayari: amekuja na deni la maisha ya kwanza. (Hata kati ya Wabuddha wapo walimu wanaofundisha kwamba si kila maumivu yanatoka kwa karma, mengine ni ya mwili na ya majira. Tusiwatie wote katika kikapu kimoja.)

Fundisho hilo lina uzuri wake, tusikatae. Linamwambia mtu kwamba mikono yake ina maana, wala hakuna tendo linalopotea kama moshi. Mtume Paulo naye, katika Wagalatia 6:7, anafundisha juu ya kupanda na kuvuna. Lakini fundisho tulipime pia kwa kutazama linafanya nini kwa mtu aliye chini.

Katika India walikuwako watu walioitwa wasioguswa. Kazi yao ilikuwa kuondoa mizoga na kusafisha vyoo, na katika vijiji vingi hawakuruhusiwa kuteka maji kwenye kisima cha wengine. Mtu wa namna hiyo akiuliza kwa nini, aliweza kuambiwa: ni matendo yako ya maisha ya kwanza, uvumilie, labda utazaliwa juu wakati mwingine. Angalieni jinsi jibu hilo lilivyo tamu kwa yule aliye juu. Anakula, analala, na dhamiri yake haimchokozi hata kidogo, maana anayelala nje analipa deni lake mwenyewe. Bwana B. R. Ambedkar alizaliwa katika watu hao mwaka wa 1891. Alisoma mpaka New York na London, akaongoza kamati iliyotayarisha katiba ya India, na katiba hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, katika kifungu cha 17 ilifuta kabisa desturi ya kuwatenga wasioguswa. Tarehe 14 Oktoba 1956, katika mji wa Nagpur, aliacha dini ya Kihindu akaingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu wake. Hata huko alikokwenda alikataa kufundisha kwamba umaskini wa mtu ni malipo ya maisha yake ya kwanza. Aliyaona maneno hayo tangu utoto wake, akajua yanamtumikia nani.

Habari nyingine ya inchi ile inatuhusu zaidi sisi watu wa maombi. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa lilipiga jimbo la Bihar na inchi ya Nepal, likaua zaidi ya watu 10,000. Mahatma Gandhi, mtu aliyeheshimiwa kote, alisema kwamba tetemeko hilo ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga wasioguswa. Nia yake ilikuwa njema, kwani alikuwa akipigana na dhambi ile ile. Lakini rafiki yake Rabindranath Tagore, mshairi, naye adui wa desturi hiyo, alimjibu mbele ya watu wote. Alisema tetemeko la inchi lina asili yake ndani ya inchi, wala tusilichanganye na mizani ya mema na mabaya. Akaongeza jambo la akili sana: hoja ya namna hiyo inawafaa zaidi wapinzani wa Gandhi, kwa kuwa wao pia wanaweza kusema kwamba Mungu amekasirika kwa sababu Gandhi anavunja desturi za mababu. Nani atawaamua? Kila mmoja anashika maiti zile zile na kuzifanya shahidi wake.

Tusiwacheke watu wa India. Sisi katika Kongo hatuamini kwamba mtu anazaliwa tena, lakini hesabu yetu ni ile ile. Tunasema malipo ni hapa hapa duniani. Tunasema mikosi ya jamaa, laana ya babu, damu ya ukoo. Tumebadilisha jina la benki tu, deni limebaki.

Chukueni mambo ya Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavu wake wa kusini, lava ikashuka ndani ya mji mpaka ikaingia ziwa Kivu. Ilifunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, watu karibu 120,000 wakabaki bila nyumba, zaidi ya mia moja wakafa, na mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi na magodoro juu ya kichwa. Hapakukosa watu waliosema kwamba Goma imekuwa Sodoma, na kwamba moto umekuja kwa ajili ya pombe na uasherati. Lakini tuitazame njia ya lava yenyewe. Iliunguza mabaa, ni kweli. Iliunguza pia kanisa kuu la Wakatoliki katikati ya mji. Lava ilifuata mteremko, kama maji ya mvua yanavyofuata mteremko. Kama mwizi alikuwa amejenga juu ya kilima, nyumba yake ilibaki. Kama mama wa maombi alikuwa amejenga bondeni, nyumba yake iliungua. Siku chache baadaye kituo kimoja cha esansi kililipuka, kikaua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta humo. Hapo wengi waliona hesabu imelingana: si walikuwa wanaiba? Mimi siwezi kuisifu hesabu hiyo. Watu wenye njaa walikufa kwa ajili ya bidoni moja ya esansi, na katika inchi hii hii kuna waliokula mali ya taifa kwa miaka na miaka, wakafa wazee, juu ya mashuka meupe.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Safari hii lava ilisimama ukingoni mwa mji. Watu wasiopungua 32 walikufa, na baadhi yao si kwa moto bali kwa ajali za barabarani wakati wa kukimbia usiku. Wale waliosema 2002 ni adhabu ya dhambi, watuambie: je, kufika 2021 Goma ilikuwa imetubu nusu?

Tena kuna mazuku. Wandugu wa Goma na wa Sake hawahitaji kuelezwa, lakini wengine wajue: ni hewa mbaya inayotoka ndani ya udongo wa volkano, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini, katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Mtu mzima anaweza kupita akisimama na asione neno. Mbuzi anakufa. Mtoto anayefuata mbuzi wake ndani ya shimo anakufa. Sasa mtu wa hesabu aje hapa atuambie: katika njia hiyo moja, kati ya mtu mzima na mtoto wa miaka mitano, nani ana dhambi nyingi zaidi? Mazuku hayachagui mwovu. Yanachagua mfupi.

Kwa nini basi tunapenda sana ulizo hili? Si kwa sababu sisi ni wabaya. Ni woga. Jirani akipatwa, roho yangu inatetemeka: yaweza kunipata na mimi. Nikipata kosa lake, ninapumua. Yeye alikosa, mimi sikukosa, basi niko salama, naweza kulala. Mwaka wa 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons, walitangaza majaribio waliyofanya juu ya jambo hili. Waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana akipigwa na umeme kila mara alipokosea jibu. (Hakupigwa kweli, alikuwa anaigiza, ila wao hawakujua.) Wale walioweza kumtoa katika mateso walimtoa. Lakini wale ambao hawakupewa nafasi ya kumsaidia, wakamtazama tu akiendelea kuumia, walianza kumdharau na kumwona si mtu mzuri. Hakuwa amefanya neno lolote. Walihitaji kumwona mbaya ili macho yao yaweze kuvumilia.

Nasi tunafanya hivyo ndani ya nyumba ya Mungu. Hapa lazima tuseme wazi, hata kama wengine watakasirika. Baba anapoteza kazi, mama anapatwa na ugonjwa, na ndani ya nyumba yuko mtoto yatima wa ndugu, mkaidi kidogo, anayekojoa kitandani. Wanakwenda kwenye kipindi cha maombi, na mtu anayejiita mwonaji anafumba macho, anasema: ni huyu mtoto, ni ndoki. Hesabu imelingana. Mtoto anafukuzwa, analala chini ya meza za soko, na kazi ya baba hairudi. Katiba ya inchi yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu. Lakini hata kama serikali isingesema neno, Ezekieli 18 ilikwisha kusema: Waisraeli walikuwa na methali yao juu ya baba anayekula kitu kichungu na meno ya watoto yanayopata ganzi, na Mungu akawaambia methali hiyo ikomeshwe kati yao. Kama haifai kumtwika mtoto dhambi ya baba yake, tunapata wapi ruhusa ya kumtwika bahati mbaya ya mjomba wake?

Ninyi mliopewa karama ya kuona na kutabiri, sikilizeni kwa utulivu. Karama hatuikatai, kanisa letu limezaliwa ndani yake. Lakini someni Yohana 9. Wanafunzi walikuwa na Bwana mwenyewe, wakamwona kipofu tangu kuzaliwa, wakauliza ulizo letu la nyuma ya nyumba: nani alikosa, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa majibu yote mawili. Hakutafuta la tatu, hakusema ni shangazi. Alitema mate, akafanya tope, akaanza kazi. Na katika Luka 13, juu ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, alisema hao hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalema. Kisha akawageuzia walioleta habari maneno ya toba. Waliuliza juu ya dhambi za wafu, wakajibiwa juu ya dhambi zao wenyewe. Mafunuo yanayoonyesha kila siku kosa la mtu mwingine, na hasa la mtu asiye na nguvu ya kujitetea, yanapaswa kupimwa na wazee kabla ya kutamkwa mbele ya watu.

Nabii Simon Kimbangu, ambaye habari zake tunazijua wote, alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa tisa alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa kufa huko Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Mfalme Albert wa Kwanza akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabuni wenyewe: kazi ya miezi mitano, kifungo cha miaka 30. Mtu wa karma atatafuta deni gani la maisha ya kwanza? Mtu wa malipo ya hapa hapa atatafuta kosa gani? Tangu mwaka wa 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa katika inchi yetu, na tunafurahi. Lakini sikukuu hairudishi miaka 30 kwa mke na watoto waliokuwa wakimngoja. Tusiseme haraka kwamba deni limelipwa.

Kwa hiyo, je, maisha ni ya haki? Chini ya jua, mara nyingi hapana, na Biblia haikufichi. Asafu katika Zaburi 73 karibu miguu yake iteleze alipowaona waovu wamenenepa. Muhubiri 8:14 inasema wazi kwamba wako wenye haki wanaopatwa na yale ya waovu, na waovu wanaopata yale ya wenye haki. Maneno hayo yaliachwa ndani ya Kitabu kitakatifu, hayakufutwa. Hukumu ipo, ni ya Mungu, na ina siku yake. Anayetaka kuikata leo penye kilio anaiba kazi isiyo yake.

Kijana atauliza: kama mwovu halipwi hapa, kwa nini mimi nisifanye kama wao? Mwanangu, wema si matabishi tunayompa Mungu ili atupitishe mbele ya wengine. Katika mlango wa kwanza wa Yobu ni Shetani aliyesema kwamba mtu hamchi Mungu bure. Yobu alipoteza vyote, na hakumlaani Mungu. Jibu lake liko hapo. Na juu ya kupanda na kuvuna: ndiyo, tunavuna, lakini si lazima avune yule yule aliyepanda. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilishusha maji na mawe kutoka milimani juu ya Nyamukubi na Bushushu, katika Kalehe, na zaidi ya watu 400 wakafa. Milima ikinyang'anywa miti yake, udongo hauna wa kuushika. Anayekata mti juu ya mlima huu mwaka huu na mama atakayekuwa anauza ndizi zake chini baada ya miaka ishirini si mtu mmoja. Kama ni malipo, analipa asiyekopa. Hii ndiyo sababu dhambi ni jambo kubwa: inakwenda kumpiga mwingine. Tukisema mama wa ndizi amelipa ya kwake, tunamfungulia mlango mwenye shoka akate tena.

Neno la mwisho ni kwa wanaokwenda vilioni. Rafiki watatu wa Yobu walifanya jambo moja zuri katika kitabu kizima: walikaa chini pamoja naye siku saba bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na katika 42:7 Mungu aliwakasirikia wao, si Yobu aliyepiga kelele. Kwa hiyo kamati za akina mama na za vijana, mkifika nyumbani kwa mwenye msiba, mtazame kwanza kama mtungi una maji, kama unga na kuni vipo, kama watoto wamekula, kama mtu amefikiria bei ya mbao za sanduku. Akilia na kumuuliza Mungu kwa nini, mmwache aulize, msimjibu kwa niaba ya Mungu. Na anayeanza nyuma ya nyumba kuuliza alikosa nini, apewe shoka achanje kuni.

Kwa somo lijalo, kila nyumba isome Yobu milango ya 4, 5 na 8, maneno ya Elifazi na ya Bildadi. Tieni alama kwenye kila sentensi ambayo mmekwisha kuisikia penye kilio katika kartie yenu. Tutazileta, tutazisoma kwa sauti.